Sanduku la Kioo na Kitambaa cha Kufuma

Nisikilizeni, wapendwa, na mwenye simu aizime kidogo. Palikuwa na mzee mmoja mtunzaji sana. Viatu vyake vya harusi vilikuwa bado ndani ya boksi, na mkewe alishakuwa bibi. Usicheke, mama wa mbele pale. Kwako kuna vikombe vya wageni ambavyo hujavinywea chai tangu uolewe.

Mke wa mzee huyu aliugua kifua kwa moshi wa kuni. Daktari akasema wazi kwamba moshi ukiendelea, mwakani hafiki. Mzee alimpenda mkewe. Akahangaika hadi akampata mtaalamu mmoja, binti wa chuo, naye binti akamwekea uani sanduku la kioo lenye maji na unga wa rangi ya kutu. Jua likiwaka, unga ule ulitumia mwanga kuyatenganisha maji, ikatoka gesi ya haidrojeni, ikapita kwenye mpira hadi jikoni. Inawaka bila moshi kabisa.

"Na unga ukiisha?" mzee akauliza.

"Hauishi kwa kufanya kazi, baba. Wewe ongeza maji tu."

Mzee akaitikia, lakini hakuamini. Sabuni huisha, betri huisha, hata soli ya kiatu hulika. Unga gani huo ufanye kazi usiishe? Basi akachukua kitambaa cha kufuma, akalifunika sanduku, jua lisiufikie unga. Akawa analifunua Jumapili tu, wageni wakija.

"Baba watoto, leo nifunulie," mkewe akamwomba Jumanne moja, ameshika ukuta. "Pumzi haipandi."

"Vumilia, mama watoto. Nakutunzia wewe. Nataka ukizeeka uwe nalo."

Mama akainama, akapuliza kuni.

Walimzika kabla ya mvua za vuli. Yule binti akaja kutoa pole, akaondoa kitambaa, akatazama ndani ya kioo. Jua likapiga, mapovu yakaanza kupanda. Mzee akamsogelea.

"Unga umebaki kiasi gani?"

"Wote, baba. Uko kama siku ile nilipouweka. Hata ungetumika kila siku, leo ungekuwa hivi hivi."

Mzee akaketi chini pale pale uani, mikono kichwani. Alikuwa ametunza nini? Na alikuwa amemtunzia nani?

Naona mnamlaumu. Mimi siwezi, kwa sababu mzee yule ni sisi. Mungu ametupa upendo, na sisi tunaufunika tukiogopa utaisha. Neno la upole tunawawekea wageni. Msamaha tunauweka akiba. Aliye ndani anapuliza kuni huku anatusikia tukicheka na watu wa nje. Nimesimama kwenye makaburi mengi ya usharika huu, nikasikia maneno matamu ambayo marehemu hakuwahi kuambiwa hata moja.

Yuko mtu nyumbani kwako anakohoa. Leo ni Jumapili, najua utamfunulia. Mimi nakuuliza habari ya Jumanne.