Karani Aliyesoma Gizani

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakiwasema wajawazito peke yao. Walimaanisha kwamba mtu anayeona haya kuifunua shida yake hapati wa kumsaidia, na asiyesaidiwa hapati tija, hata awe hodari kama mchwa. Methali yenyewe ina maneno ya aibu kidogo, ndiyo maana waungwana huinong'ona. Mzee Castory wa Mabawa, mjini Tanga, aliijua tangu yu mtoto, na aliwahi kuiandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Lakini kuijua ni jambo moja, na kumwingia ni jingine. Ilichukua miaka sitini na minane kumwingia.

Castory alikuwa karani mstaafu wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwandiko wake ulinyooka kama safu za mkonge wenyewe. Watu walisema hata sisimizi akitaka kuvuka daftari lake alifuata mistari. Alipostaafu aliacha meza na kiti, sifa akaja nayo nyumbani. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa somo la kwanza, na sauti yake ilikuwa nzito, tamu, yenye kujua pa kutua na pa kupaa.

Kumbe ndani ya sauti hiyo mlikuwa na siri. Kwa miaka miwili macho ya Castory yalikuwa yameingia ukungu, kama dirisha la jikoni lisilojua kitambaa. Herufi zilimkimbia kama kuku waliomwona mwewe. Mtu mwingine angesema. Castory alijifungia chumbani kila Ijumaa, akaisikiliza Biblia ya kwenye simu mpaka somo likamkaa kichwani, kisha Jumapili akasimama mbele ya kitabu, akafunua kurasa kwa madaha na "kusoma". Siku moja, kwenye misa ya jioni, umeme ulikatika somo likiwa katikati. Kanisa likawa jeusi kama ndani ya gunia la mkaa. Castory, aliyekuwa amefumba macho ili somo lisimtoroke, hakujua kwamba taa zimezimika, akaendelea koma kwa koma, nukta kwa nukta, mpaka "Neno la Bwana." Waumini wakaitikia kwa kutetemeka. Wapo walionena kwamba mzee ameshukiwa na karama. Praxeda, mkewe, hakunena kitu.

Praxeda alikuwa mchoma vitumbua. Kila asubuhi aliinama juu ya moto pale nje ya ua, moshi ukimpiga usoni, na kila alipoinuka magoti yake yalilia kama bawaba za mlango wa ghala. Castory hakuiona sura ya mkewe vizuri, lakini magoti yale aliyasikia kila siku, na kila yalipolia yalimchoma. Alikuwa amemwahidi mbele ya binti yao, Consolata, kwamba Pasaka haitafika kabla hajamwondoa motoni. Ahadi ilikuwa tamu kuliko vitumbua vyenyewe. Njia ya kuitimiza ndiyo hakuwa nayo.

Njia ililetwa na jirani yao, Bi Semeni, aliyekuwa mpokea simu wa zamani wa posta na mlalamikaji wa kudumu wa mtaa mzima. Asubuhi moja alikuja kununua vitumbua, amejifunga kanga mpya.

"Mama Consolata, nifungie kumi," alisema. "Leo nala kwa jasho la kinywa changu."

"Umeanza kuimba taarabu, Bi Semeni?" Praxeda alimtania.

"Siimbi, nalalamika! Kuna watu wana tovuti zao, za maduka, za mabasi, za bima. Wanataka mtu wa kawaida aziingie akiwa nyumbani kwake, wao wanarekodi kioo cha kompyuta na sauti. Wanakwambia labda, tafuta bei ya godoro. Wewe unatafuta, huku unasema kila kinachokujia: hapa nimepotea, hapa sielewi, hiki nacho ni nini. Robo saa, basi. Wanalipa."

Praxeda aliacha kugeuza kitumbua. "Yaani wewe umelalamika bure mtaa huu miaka thelathini, kumbe ilikuwa mali?"

"Wallahi, nimewapa watu wa Mabawa utajiri, wakaniita mgomvi."

Castory, aliyekuwa amekaa kibarazani, alikohoa kikarani. "Na mtu mwenye elimu yake, anayejua kusema, hawezi kufaa?"

"Atafaa, mtani wangu," alisema Bi Semeni. "Mradi awe na mdomo."

Wiki ile ile Bi Semeni alimfungulia akaunti, kwenye kompyuta ya zamani aliyoiacha Consolata. Castory aliona duara kubwa jekundu la kuanza kurekodi, na maelekezo yalisomwa kwa sauti na mashine yenyewe. Alijiambia moyoni, mengine atayamaliza kwa busara.

Jaribio la kwanza lilikuwa la duka la samani. Castory alivaa shati la mikono mirefu, akabonyeza duara.

"Wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo, na wale tulio rika moja habari za siku nyingi," alianza. Akajitaja jina, akaeleza baba yake alivyotoka Songea kuja kukata mkonge, akawauliza hali ya familia zao na mvua za huko waliko. Salamu zilipokwisha, dakika sita zilikwisha nazo. Zilizobaki alizijaza sifa. "Tovuti yenu ni safi. Imepangika. Mmefanya kazi ya kiume, hongereni sana." Hakufika hata kwenye kiti alichotumwa kukitafuta. Mgeni muungwana hamwambii mwenyeji kwamba pilau limezidi chumvi. Hivyo ndivyo alivyolelewa.

Majibu yalikuja jioni. "Mama Consolata, hebu nisomee, hii miwani sijui nimeiweka wapi," alisema, miwani ikiwa imemning'inia kifuani.

Praxeda alisoma taratibu: "Hatukujifunza lolote. Jaribio limekataliwa."

La pili lilikuwa la kampuni ya maziwa. Safari hii alikata salamu, akaona afadhali aeleze anachokiona, lakini alichokiona kilikuwa mabaka tu. Kwenye ukurasa wa mbele palikuwa na kitu kikubwa chenye madoa meupe na meusi. Castory akakisifia kwa moyo wake wote: "Ng'ombe huyu amenona! Ana afya, anaonekana mpole, na bila shaka anakamuliwa mara mbili kwa siku." Yule alikuwa mkurugenzi wa kampuni, amevaa shati la madoadoa.

Majibu ya safari hii hayakungoja jioni. Praxeda alimsomea huku akiuma midomo asicheke. Mwisho paliandikwa kwamba amebakiwa na jaribio moja. Likikataliwa, akaunti itafungwa.

Kicheko kikamwisha Praxeda. Pasaka ilikuwa imebakiza wiki tano.

Castory alimfuata Bi Semeni kwenye ua wake. "Jirani, hivi wewe siri yako ni ipi?"

"Sina siri, ndiyo siri yangu. Pasiposomeka nasema hapasomeki. Nikipotea nalia kama mbuzi." Alimtazama kwa muda. "Na wewe, karani, mbona juzi ulimwamkia mtungi wangu wa maji?"

"Nilikuwa nawaza mambo."

"Mficha uchi hazai, mtani wangu," alisema Bi Semeni bila kunong'ona.

Castory alicheka kidogo, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Jaribio la tatu lilifika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Castory alikaa mezani, akavuta pumzi, akabonyeza duara jekundu. Mashine ikasema: "Hii ni tovuti ya kliniki mpya ya macho iliyoko Chumbageni. Kazi yako ni kujiandikisha siku ya kumwona daktari."

Castory akausogeza uso karibu na kioo. Mbele yake kioo kilikuwa cheupe tupu, kama sahani ya uji iliyolambwa. Palikuwa na maandishi, hilo alilijua, lakini yalikuwa madogo, ya rangi ya majivu juu ya weupe. Alifungua kinywa ili asifie. Sifa zilikuwa tayari, zimepangwa kama nguo za sikukuu.

Hapo mlango ukalia, Praxeda akaingia na beseni lake kutoka motoni. Alitembea kwa kunyata, asije akaharibu kazi. Alijishusha kwenye kigoda nyuma ya mumewe, na magoti yake yakalia, moja, kisha la pili.

Castory aliyasikia. Akijifanya anaona, akaunti itafungwa, na magoti yale yatarudi motoni kesho na keshokutwa. Akisema kweli, mkewe amekaa pale pale, atasikia yote. Mashine ikamkumbusha: "Tafadhali endelea kusema unachofikiria."

"Ninachofikiria," alisema Castory, na sauti yake safari hii haikuwa ya kanisani, "ni kwamba sioni."

Nyuma yake kigoda kilitulia.

"Sioni maandishi yenu. Naona weupe tu. Mnaniambia nijiandikishe, nibonyeze wapi? Huku? Huku hakuna kitu. Nimebonyeza hapa, limetokea jambo, sijui ni jambo gani. Ngoja niyakuze maandishi. Eh! Sasa ukurasa umekimbilia pembeni. Jamani, nawauliza kwa adabu: ninyi ni watu wa macho. Mgonjwa mwenye uwezo wa kusoma herufi hizi anakuja kwenu kutibiwa nini? Ni sawa na mchimba kisima kumwambia mwenye kiu aje na maji yake." Akatua kidogo. "Miaka miwili sasa sijasoma. Kanisani nakariri. Watu wanadhani nina karama. Sina karama, nina ukungu. Mke wangu alikuwa hajui mpaka sasa."

Alihangaika mpaka robo saa ikaisha. Hakujiandikisha. Kioo kikazima, naye akabaki ametazama mikono yake.

"Nimeshindwa, Mama Consolata," alisema.

"Tangu siku ile umeme ulipokatika mimi najua," alijibu Praxeda. "Kanisa zima lilikuwa gizani, Baba Consolata. Nami nikakusikia ukifunua ukurasa!"

"Na hukuniambia?"

"Macho ni yako. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Majibu hayakuja kwa maandishi. Alhamisi simu ililia, na sauti ya mwanamume ikasema, "Shikamoo mzee. Naitwa Nasri, mimi ndiye niliyeitengeneza tovuti ya kliniki."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa maneno yangu."

"Nikusamehe nini, mzee? Watu tisa kabla yako walitusifu. Tangu tufungue, hakuna mzee hata mmoja aliyejiandikisha, tukadhani Tanga watu wote wana macho ya kipanga! Nimeshabadilisha herufi. Na kampuni yetu inatengeneza tovuti nyingine nyingi. Tunakuomba uwe unazijaribu zote kabla hazijatoka, wewe na wazee wenzako. Jambo la pili, daktari ameisikia sauti yako. Anasema uje Jumatatu."

Daktari alimulika jicho la kushoto, kisha la kulia, akasema ni mtoto wa jicho, kote kuwili, na kwamba angekuja mapema asingeteseka hivyo. Habari ilimfikia Bi Semeni kabla Castory hajafika nyumbani.

"Ala!" alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Kumbe una mapacha, mtani, ukawaficha miaka miwili? Si nilikwambia?"

Mapacha wale walitolewa, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Kitambaa cha mwisho kilipobanduliwa, Castory alimtazama mkewe kitambo kirefu.

"Praxeda, mvi hizi zimeota lini?"

"Ulipokuwa huoni. Nikaona niitumie nafasi."

Jumapili iliyofuata Castory alisoma somo kwa macho yake mwenyewe. Alikwama mara tatu, kwa maana kusoma ni kazi ngumu kuliko kukariri, na waumini wakanong'onezana kwamba mzee sasa amechoka, karama imemtoka. Alitabasamu, akaendelea. Kwa kazi ya kampuni ya Nasri, Pasaka ilimkuta Praxeda amekaa kibarazani, kikaango cha vitumbua kimetundikwa ukutani, magoti yake yamenyamaza. Ndani Castory alisikika akiiambia kompyuta bila haya hata chembe, "Hapa sielewi! Hapa mmenipoteza!" Miaka miwili alijisitiri asipate kitu, robo saa moja alijifunua, akapata kazi, macho na mapumziko ya mkewe. Hakika, mficha uchi hazai.