Nguchiro Alivyolaza Watoto Kumi na Mmoja

Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota hata jino moja, wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao na majirani wao wambea. Tena wambea kweli kweli. Sogeeni karibu. Na wewe uliyekaa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Mimi nikianza sirudii.

Basi alikuwepo Bi Nguchiro. Mdogo wa umbo, lakini mwepesi huyo! Ukisema yuko hapa, keshafika kule. Alikuwa na watoto sita na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, vidogo mpaka mtu akikohoa cha mbele, aliyelala cha nyuma anaamka.

Dada yake akafariki, akaacha watoto watano. Bi Nguchiro hakuuliza mtu. Aliwachukua wote, machozi yakimtoka, akawaleta kwake.

"Mama mdogo," akauliza Chausiku, mkubwa wa wale yatima, "hapa tutaenea kweli?"

"Mtaenea, mwanangu."

Alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni alikuwa anajua hawaenei.

Sasa sikieni desturi ya nchi ile. Siku ya kuanua tanga, mkuu wa kijiji, Shangazi Twiga, alikuwa anapita mwenyewe kutazama yatima watalala wapi. Wasichana na wavulana wasilale chumba kimoja. Tena mtu akitoka usiku asimruke mwenzake aliyelala, maana mtoto akirukwa anadumaa, anabaki kimo kile kile mpaka uzee. Nyumba ikishindwa hayo, yatima wanahamishiwa kwa mwenye nafasi.

Na mwenye nafasi alikuwa nani? Fisi! Nyumba yake vyumba tele, popo ndio wapangaji. Mnadhani aliwapenda watoto? Thubutu! Kisima kilikuwa mbali, na Fisi alikuwa mvivu. Alitaka wa kumtekea maji, wa kumfagilia, na wa kumkuna mgongo akishashiba.

Siku moja kabla ya kuanua tanga, Bi Nguchiro akatandika mikeka kujaribu. Wavulana wanne chumba cha mbele, sawa, wakaenea. Kwenda chumba cha nyuma, wasichana saba na yeye mwenyewe wa nane. Akalaza wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano alipojinyoosha tu, njia ya mlangoni ikaisha. Akawapanga kichwa na miguu, hakuna. Akawalaza ubavu, ndiyo kwanza wakaanza kupigana mateke.

"Mama mdogo, basi mimi nitalala nje," akasema Chausiku.

"Nje ulale na nani? Nyamaza!"

Bi Nguchiro akakaa chini, roho inamuuma. Akatazama sakafu, imejaa. Akatazama kuta, hazisogei. Akainua macho juu. Lo! Juu palikuwa patupu! Kutoka kichwani kwake mpaka paani hapakuwa na kitu ila buibui na utando wake.

"Tukipata boriti za kulaza kutoka ukuta huu mpaka ule," akajisemea, "nusu ya watoto wanalala juu."

Lakini boriti atabeba nani? Nguchiro na boriti wapi na wapi! Aliyekuwa na nguvu za kubeba ni Nyati, na Nyati alikuwa rafiki wa Fisi. Na boriti zenyewe zilikuwa zimerundikwa uani kwa Fisi.

Alipokuwa bado anawaza, akasikia, "Hodi hodi wenyewe!" Fisi huyo, na Nyati nyuma yake, puu, puu, puu, ardhi inatikisika. Fisi akaingiza kichwa dirishani, akatazama ile mikeka, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

"He he heee! Bi Nguchiro, hapa unalaza watoto au unapanga dagaa?"

"Karibu, kaka Fisi," akasema Bi Nguchiro. "Nashukuru Mungu tumeenea."

Fisi akaacha kucheka. "Mmeenea?"

"Tumeenea, kaka. Kwa kubanana, lakini tumeenea." Hapo akashusha sauti, akajifanya ana hofu. "Ila nina wasiwasi mmoja tu. Unajua desturi yetu, kitu kikiletwa kwenye nyumba ya msiba hakikataliwi, na kikishapokelewa hakirudishwi. Sasa mtu akiniletea mchango mkubwa, mzigo wa kuchukua nafasi, mimi si nimekwisha?"

Masikio ya Fisi yakasimama wima. "Mchango mkubwa kama nini, kwa mfano?"

"Ah, sisemi mimi."

"Kama boriti?"

"Kaka weee!" Bi Nguchiro akajishika kichwa. "Boriti? Nakuomba, usitamke hata jina lake!"

Fisi huyooo, mbio, hata kuaga hakuaga! Nyati nyuma yake.

Hata chungu hakijachemka, wamerudi. Nyati amebeba boriti begani mpaka shingo imepinda. Fisi yeye amebeba tabasamu.

"Pole sana na msiba, jirani," akasema Fisi kwa sauti ya upole, ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tumekuletea mchango. Pokea."

"Jamani, kaka Fisi!"

"Pokea, au unavunja desturi?"

"Napokea," akasema Bi Nguchiro, akalia hii hii hii, na watoto walivyomwona analia wakalia nao. Chausiku ndiye aliyelia zaidi, maana yeye alilia kweli. "Lakini nawasihi, ziwekeni chini. Chini tutajibana. Juu msiniwekee! Juu ndiko watoto wanakopatia hewa. Mkiziba juu mmeniua!"

Fisi akamkonyeza Nyati. "Umesikia? Anataka ziwekwe chini."

"Haya, naziweka chini," akasema Nyati.

"Mjinga wewe! Weka juu!"

"Si amesema chini?"

"Ndiyo maana tunaweka juu! Weka hapa, usawa wa kidevu changu, ili mtu akiingia ajigonge!"

Nyati akainama, akaingia kinyumenyume mpaka chumba cha nyuma. Akashika boriti ya kwanza, akaielekeza ukutani, akaishindilia kwa kichwa. Gwaa! Ncha ikazama kwenye udongo. Upande wa pili, gwaa! Imekaza. Ya pili, gwaa! Ya tatu, gwaa! Vumbi linamwagika, watoto wanapiga chafya, Fisi anasimamia kazi kama fundi mkuu.

"Zisogeze, zisogeze! Zibananishe, pasipite hata panya! Anza kule ukutani, uje mpaka katikati ya chumba!"

"Kaka Fisi, inatosha!" Bi Nguchiro akalia.

"Haijatosha! Nyati, ongeza!"

"Kaka Fisi, angalau zilegeze kidogo, nije nizitoe baadaye!"

"Nyati! Kaza zote! Zikaze zisitoke mpaka kiama!"

Nyati akarudia zote, moja baada ya nyingine, gwaa, gwaa, gwaa, mpaka pembe zikapata joto. Walipomaliza, Fisi akajaribu kuingia, akajigonga paji la uso, ngo! Akafurahi kupita kiasi. Yeye kila nyumba aliipima kwa mwili wake, na kwa mwili wa fisi chumba kile kilikuwa kimekufa.

"Tutaonana kesho mbele ya Shangazi Twiga," akasema. "Wafungie yatima nguo zao."

Walipopotelea kichakani, Bi Nguchiro akafuta machozi. Akaingia chini ya zile boriti, akasimama wima kwa miguu miwili. Kichwa hakikugusa! Akaruka juu, akasimama tena. Paa hilo, mbali kabisa! Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa.

"Mama mdogo, umerukwa na akili?" akauliza Chausiku.

"Njoo juu huku, mwanangu, uone ulipojengewa kitanda!"

Asubuhi kijiji kizima kikafika. Shangazi Twiga hakuweza kuingia ndani, na lini aliwahi kuenea nyumba ya mtu? Akapitisha shingo dirishani, kichwa kikatokea ndani, sawasawa na zile boriti.

"Haya, Bi Nguchiro. Nionyeshe wanalala wapi."

"Hawalali popote, Shangazi!" Fisi akadakia. "Nyumba imeziba. Nipe mimi."

"Fisi, nimekuuliza wewe?"

Bi Nguchiro akapiga kofi moja. "Wanangu, kalaleni!"

Pru! Wavulana wanne, chumba cha mbele. Pru! Wasichana watatu, chini ukutani. Pru pru pru pru! Wanne wakaparamia juu, wakajinyoosha kwenye mikeka, wakajifunika, na mmoja akaanza kukoroma kwa makusudi. Mkeka wa Bi Nguchiro mwenyewe ukabaki chini, na pembeni yake njia nyeupe mpaka mlangoni. Akapita akienda, akapita akirudi, bila kumruka mtu hata mmoja.

"Ala!" akasema Twiga. "Ghorofa! Nani amekujengea, Bi Nguchiro?"

"Majirani zangu hawa, Shangazi. Kaka Fisi ametoa boriti, kaka Nyati ametoa nguvu."

Watu wote wakamgeukia Fisi. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka.

"Mimi? Mimi sikumjengea! Mimi nilikuwa namziba!"

"Ulikuwa unafanya nini?" akauliza Twiga.

"Na... nasema hivi, hazifai! Zitavunjika! Zitawaangukia watoto!"

Hapo Nyati akakasirika. Kazi yake itukanwe mbele za watu? "Zivunjike nini? Nimezishindilia mimi kwa kichwa changu hiki! Si wewe uliyesema nizikaze mpaka kiama? Shangazi, tazama!" Akaingiza pembe dirishani kando ya shingo ya Twiga, akakamata boriti, akavuta kwa nguvu zote. Nyumba ikatikisika, boriti hata kulia haikulia. "Umeona? Hiyo ndiyo kazi ya Nyati!"

"Funga bakuli lako!" Fisi akamzomea.

Kijiji kikaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele, lililililili! Twiga akasubiri kelele zitulie.

"Watoto wanabaki na mama yao mdogo," akasema. "Na wewe Fisi, kisima unakijua. Nenda na ndoo yako."

Chausiku akaruka kutoka juu mpaka kifuani kwa Bi Nguchiro, karibu amwangushe. Akamng'ang'ania. Bi Nguchiro naye akamshika, na safari hii machozi yake hayakuwa ya hila.

Fisi akaondoka mkia katikati ya miguu, na Nyati akamfuata akimuuliza njia nzima amekosea wapi. Kule ndani wasichana walikuwa wameanza kugombana nani atalala juu na nani chini.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naifunga, nanyi chukueni hili mkalale nalo: adui yako ukimjua vizuri, chuki yake mwenyewe itakujengea nyumba.