Mgeni wa Bi Mwanahalima

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wachoyo wameipenda sana methali hii. Wakichoka kumpikia mjomba aliyetoka mbali, huisema kwa sauti sebuleni ili mjomba asikie, afunge virago vyake. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa, kwamba jembe ni njia ya kistaarabu ya kumwonyesha mgeni mlango. Mimi nasema methali hii imeonewa. Asiyeamini na asikilize yaliyomkuta Jovina, binti wa Muleba, katika kijiji cha Ndagoni kisiwani Mafia, ambako alikirimiwa mpaka akakaribia kuangamia kwa upweke.

Jovina alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha maendeleo ya jamii huko bara. Chuo chao kilikuwa na utaratibu wake: kila mwanafunzi, kabla ya kuhitimu, abuni mradi wa kuleta mabadiliko katika jamii, auongoze mwenyewe, asimame nao au aanguke nao. Wenzake walichagua vijiji vya jirani, ambako wangeweza kurudi bwenini kila jioni. Jovina alichagua Mafia. Alikuwa amesikia kwamba akina mama wanaolima mwani huingia baharini maji yanapokupwa, na watoto wao wachanga ama huachwa nyumbani, ama huchukuliwa pwani wakashinda juani. Jambo hilo lilimchoma moyo. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa akimfungia ndani ili aende kuchuma kahawa za watu, na mpaka leo Jovina anaujua ukimya wa nyumba iliyofungwa kwa nje. Akaapa kwamba mradi wake utakuwa kituo cha kulelea watoto wa wakulima wa mwani.

Kijiji kilimpokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti, Mzee Mbaraka, aliitisha mkutano, na Jovina akasimama, kanga kiunoni, akasema kama walivyofundishwa chuoni: "Mimi ni mgeni wenu. Nimekuja kujifunza kwenu." Watu walimpigia makofi. Walimpa ghala la zamani la mbata, lililokaa tupu tangu biashara ya nazi kavu ilipodorora, alifanye kituo chake. Mahali pa kulala walimpa kwa Bi Mwanahalima, mjane aliyesifika kwa ukarimu tangu Ndagoni hadi Kilindoni.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na shida yenyewe ilikuja imevaa nguo za wema. Jovina akishika ufagio, Bi Mwanahalima humnyang'anya. "Weka chini, mwanangu. Mgeni hafagii." Akiinamia ndoo ya maji: "Astaghfirullahi! Watu watanionaje?" Akiikalia mbuzi akune nazi, jirani mmojawapo humwinua kwa heshima na kuikalia yeye. Wakati wa chakula, Bi Mwanahalima na wanawake wenzake walizunguka sinia moja uani, mikono ikigongana, wakitaniana na kusutana. Jovina alitandikiwa mkeka wake chumbani, sahani yake peke yake imefunikwa kawa, na kipande cha samaki kikubwa kuliko vyote. Akala huku akisikiliza vicheko vya uani. Mara nyingine alisita na tonge mkononi, akidhani wanamcheka yeye.

Ghala alilipaka chokaa mwenyewe, tena kwa kutoroka alfajiri kabla mwenyeji wake hajamaliza kusali. Akatandika mikeka, akafunga vifuu vya nazi kwenye uzi vikawa vya kuchezea, akaning'iniza picha za wanyama ukutani. Siku ya kufungua, akina mama walifika wote, wamejipamba. Walizunguka, wakagusa kuta, wakasema, "Mashaallah, pazuri! Mungu akuzidishie, mgeni wetu." Kisha wakawafunga watoto wao migongoni, wakabeba kamba na vikapu vyao, wakaenda zao baharini. Hakuna aliyeacha mtoto hata mmoja.

Ikawa hivyo kila bamvua, siku zile bahari inapokupwa mbali kabisa. Jovina alikaa mlangoni mwa ghala, akawatazama wale wanawake mbali kwenye mchanga uliokauka maji, wameinama, wadogo kama ndege. Watoto walilazwa ufukweni chini ya kanga zilizofungwa kwenye vijiti, na jua likipanda, vilio vyao vilimfikia pale alipokaa na mikeka yake mitupu. Aliwahi kushuka akaomba awachukue. "Usijitaabishe, mgeni," walimjibu kwa tabasamu. Ningewachukia wangekuwa wananitukana, alijiambia. Sasa nitawachukiaje watu wanaonichekea?

Mtu akikosa sababu huitafuta mwilini mwake. Jovina alianza kuamini kwamba kosa ni rozari yake, nayo akaificha ndani ya blauzi. Aliamini kwamba kosa ni lafudhi yake ya bara, akapunguza maneno, na alipoyapunguza akawa mpweke zaidi. Kijiji kizima kilimwamkia, kikamjulia hali na kumwombea dua, wala hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba sketi yake imechanika nyuma. Aliitembeza siku nzima ikiwa hivyo. Alipoigundua mwenyewe, alikaa kitandani akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mwalimu Anatory, msimamizi wake chuoni, naye hakuacha kupiga simu. "Jovina, una watoto wangapi sasa?"

"Bado, mwalimu."

"Bado tena? Sikiliza. Nitakuja huko mwisho wa mwezi. Nikikuta ghala tupu, naufunga mradi, nakuhamishia kwenye kikundi cha mwenzako Deusdedit huku Kibaha. Usiione kama adhabu, binti yangu. Nakuonea huruma tu."

Jovina alishukuru akakata simu. Huruma za watu zilikuwa zimemfika kooni.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja pale kijijini, Shamsa, ambaye hakuwa na huruma za kugawa. Ulimi wake haukuwa na mfupa, na watu walimwalika harusini kwa sababu tu kutomwalika kulikuwa na hatari zaidi. Mwanawe wa kunyonya, Ukasha, alilelewa na bibi yake. Lakini bamvua hiyo bibi alikuwa Kilindoni kutibiwa macho, na mwani wa Shamsa ulikuwa umekomaa. Ukiachwa siku mbili tatu zaidi ungekatika wenyewe, ukachukuliwa na mawimbi. Asubuhi hiyo alitokea mbele ya ghala, mtoto kiunoni, kikapu kichwani.

"We mwanafunzi! Umekaa tu?"

Jovina akainuka haraka. "Karibu, dada Shamsa."

"Sikaribii, maji yanakupwa. Shika huyu." Na kabla Jovina hajajiweka sawa, mtoto alikuwa mikononi mwake, mzito na wa moto. "Akilia mbembeleze. Akizidi kulia, mpe uji. Usimpe mtoto wangu mibiskuti yenu."

"Dada, ngoja! Leo umeniamini?"

"Nani kakwambia nimekuamini? Sina mtu mwingine."

Alikuwa ameshageuka. Jovina akamfuata hatua chache. "Basi niambie jambo moja. Kwa nini wenzako hawaniletei watoto? Ni kwa sababu mimi ni Mkristo?"

Shamsa akasimama, akacheka mpaka kikapu kikayumba. "Hiyo rozari unayoificha tuliiona tangu siku uliyoshuka kwenye bodaboda. Ina kazi gani na sisi? Wewe ni mgeni wa Bi Mwanahalima. Kapita nyumba kwa nyumba akatuambia, mgeni wangu msinitaabishie, kasoma yule, kaja kujifunza, asije mtu akamtwisha mwanawe. Nani hapa atamgeuza mgeni wa watu yaya? Na wewe mwenyewe ulisimama mkutanoni ukajiita mgeni. Tukakuacha papo hapo ulipojiweka." Akaenda zake, akiburura kamba nyuma yake.

Jovina alibaki amesimama na mtoto. Ukasha alimtazama usoni, akamchunguza, hakuridhika, akaangua kilio. Kilio hicho hakikwenda mbali kabla ya kumleta Bi Mwanahalima, mtandio begani, pumzi juu juu, kwa maana habari pale kijijini hazisubiri kuvaa viatu.

"Shamsa hana haya! Hana haya kabisa! Lete huyo mtoto, mwanangu, nipe mimi. Mgeni wangu hageuzwi mtumishi na mimi ningali hai." Akanyoosha mikono yote miwili.

Jovina aliitazama ile mikono. Ndiyo iliyomlisha, ikamtandikia, ikamfulia hata shuka. Kumnyima mzee kitu alichokinyooshea mkono ni utovu wa adabu Muleba, na ni utovu wa adabu Ndagoni. Lakini alijua pia kwamba akimtoa huyu mtoto, ghala litarudi kuwa tupu, Mwalimu Anatory atalikuta tupu, na yeye atarudi chumbani kula chini ya kawa mpaka siku ya kuondoka. Akamkumbatia Ukasha kwa nguvu zaidi.

"Nisamehe, Bi. Simtoi."

Mikono ya Bi Mwanahalima ikabaki hewani. "Kwani nimekukosea nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Hujanikosea, Bi. Umenitunza kama mwanao. Lakini mwanao humtumi? Tangu niingie kwako sijaosha hata sufuria. Kwetu asiyepewa kazi ni mgonjwa au mgeni, na mimi si mgonjwa. Ugeni umenichosha, Bi. Kila siku nakula peke yangu nasikia mnacheka uani, nami natamani hata mnitukane." Machozi yakamshinda. Alilia waziwazi mbele ya mtu mzima, na Ukasha akamsaidia kwa juhudi.

Bi Mwanahalima akakaa polepole kwenye mkeka. Akawa akikunjakunja ncha ya mtandio wake.

"Mimi si wa hapa," alisema hatimaye. "Niliolewa kutoka kijiji cha Bweni. Fungate yangu nzima nilikaa ndani, sishiki maji, sishiki moto, naletewa mpaka kitandani. Watu waliniona nina bahati. Mimi nilikuwa nikilia nikiwaza kwetu. Fungate ilipokwisha, mama mkwe akafungua mlango, akanitupia mchi, akasema, haya toka nje ukatwange na wenzio. Sijawahi kufurahi vile." Akaiachia ncha ya mtandio. "Nimezeeka, nimelisahau hilo. Nilidhani nakuheshimu, mwanangu, kumbe nimekufungia fungate isiyokwisha."

Kisha akainuka, akajikung'uta, na sauti yake ikabadilika kabisa.

"Sasa umesimama unalia nini na mtoto ana njaa? Kuni ziko uani kwangu, unga wa uji uko kwenye kopo jikoni. Nenda kapike, na usiniharibie sufuria." Akatangulia mbele bila kugeuka nyuma kumwangalia.

Jovina alipika, mtoto mgongoni, moshi machoni. Kuni zilimgomea, uji ukafanya mabonge, na Ukasha akamkojolea mgongo mzima. Bi Mwanahalima alimwona akihangaika akipuliza moto, akapita kando yake kwenda zake. Alipopita mara ya pili, alimwambia tu asogeze sufuria isije ikamwagika.

Maji yalipoanza kujaa, Shamsa akatokea pale uani, ameloa mpaka kifuani, kikapu kimejaa mwani. Akamtazama mlezi wa mwanawe kuanzia juu hadi chini.

"Nani kakufundisha kubeba mtoto? Umemfunga kama mzigo wa kuni! Na uji gani huu, una mawe?" Aliifungua kanga, akamzungusha Jovina kama mwanasesere, akaifunga upya kwa nguvu mpaka Jovina akaguna. "Hivi. Umeona? Kesho usirudie ujinga wako. Na uwahi kufungua, maji hayamsubiri mtu."

Kesho! Jovina alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa zawadi. Ilikuwa mara ya kwanza kugombezwa tangu akanyage kisiwa kile, na moyo wake ulijaa furaha hata akaona haya. Jioni alimtumia Mwalimu Anatory ujumbe: "Usinihamishe, mwalimu. Watoto wapo. Yuko mmoja."

Shamsa naye hakuwa mtu wa kuweka siri. Jioni hiyo hiyo alipita kila mlango akitangaza kwamba mwanafunzi hajui kupika uji lakini hachoki, na kwamba Bi Mwanahalima mwenyewe ameruhusu. Wanawake wakatazamana. Kumbe kila mmoja alikuwa akitamani kumwacha mwanawe pale kwenye kivuli, ila aliona haya kuwa wa kwanza kuvunja heshima ya mgeni.

Asubuhi iliyofuata mlango wa chumba cha Jovina ulipigwa kwa mwiko.

"We Jovina! Mpaka saa hizi umelala? Wenzio wamejaa mlangoni mwa ghala na watoto, maji yanawapita, nani awafungulie? Inuka! Na ukirudi nazi zinakusubiri, mimi si mtumwa wako!"

Jovina alitoka mbio, miguu mitupu, kanga upande, nywele hazijachanwa. Pale ghalani hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Walimlaki kwa manung'uniko, kila mama na lake, huyu akisema mwanawe hali maharage, yule akisema mbona umechelewa, na mikono ikimrundikia watoto mmoja baada ya mwingine hata asijue wa kumshika kwanza. Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka. Sauti moja ikapayuka kutoka nyuma, "Jovina, sketi yako imechanika, kashone!"

Basi nawe ukimpenda aliyekuja kwako, usimwache akafa kwa upweke katikati ya mapochopocho: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.