Chui na Kasuku Wanaosikiliza

Wanangu, nimekuja na hadithi, iko mlangoni.
—Mfungulie aingie!
Ina meno, ina mkia.
—Na iingie hivyo hivyo!

Hapo kale alikuwapo Chui, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilojua kushiba. Siku moja akawaita kasuku wote. "Kaeni juu ya kila nyumba. Mkisikia neno, nileteeni." Wanyama akawaambia, "Ni kwa usalama wenu, jamaa zangu."

Swala akamnong'oneza mwanawe nyasini, "Leo tutakunywa kwenye kijito cha juu." Kasuku, pruuu! Walipofika kijitoni, Chui alikuwa ameshakaa. Mtoto hakurudi.

Ngiri akamnong'oneza mkewe shimoni, "Mizizi mitamu iko bondeni." Kasuku, pruuu! Alipofika bondeni, Chui alikuwa ameshakaa. Ngiri hakurudi.

Wanyama wakaingiwa na kicho kikubwa. "Nadhani anasikia hata ninayoyawaza," alisema Paa. Msitu ukanyamaza, kila mmoja akitazama juu.

Sange, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, alikuwa na watoto wawili shimoni. Walikuwa na njaa, naye hakuthubutu kuwabembeleza. Mara mumewe akapiga chafya, chwi! Kasuku akaruka, pruuu, kumpelekea Chui ile chafya.

Sange akashangaa. "Kumbe hachagui," akawaza. "Anabeba tu."

Kasuku aliporudi, Sange akanong'ona, ila mnong'ono wa kusikika vizuri. "Baba watoto, usimwambie mtu. Mbogo mnono amekwama katikati ya kinamasi. Hawezi hata kuinua pembe."

"Mama watoto, hatutasikika?"

"Nani atusikie? Tuko peke yetu."

Pruuu!

Chui hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikimbia, akaruka kinamasini, chubwi! Tope likamshika miguu. Akajivuta, likamshika tumbo. Akajivuta, likamshika shingo.

"Nisaidieni," akaita. "Nazama."

Kasuku wakasikia. Wakaruka, pruuu, wakazunguka, wakatua kwenye matete mbele yake.

"Bwana Chui," wakasema kwa heshima, "tumekuletea neno. Kuna mmoja kinamasini anasema, nisaidieni, nazama."

"Ni mimi huyo. Kawaambieni wanyama."

Wakaruka, wakazunguka, wakarudi. "Bwana Chui, kuna neno jingine. Anasema, ni mimi huyo, kawaambieni wanyama."

Bulu, bulu, bulu. Tope likajifunga juu yake.

Wanyama wakaja ukingoni, wakasimama, bado hawaamini. Kisha Swala akalitaja jina la mwanawe kwa sauti, bila kunong'ona. Kasuku walilisikia. Hawakuwa na wa kumpelekea.

Hadithi nimeitua chini, mabega yangu mepesi.
—Tumeipokea, mikono yetu mizito!

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: msiseme uongo. Sange alisema mmoja tu, na tazameni alivyowasumbua wale ndege.