Daftari la Walionyamaza

Amina haina kiranja.

Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye kikao cha mahafali, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalianzia hapahapa, na kisa chake ni hiki.

Shule ya sekondari ya Mkongoroni ilikuwa na kiranja mkuu aitwaye Mwasiti Mossi, msichana wa kidato cha nne, mkweli kupita kiasi. Ukimtuma kuhesabu madawati, angekuletea idadi na kukuambia lipi limelegea mguu.

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, mchungaji aliomba peke yake kwenye mahafali. Nusu ya wanafunzi walikuwa Waislamu, wakanyamaza. Mgeni rasmi akauliza kama watoto wamelala. Aibu ile iliwaganda walimu rohoni. Basi mwaka uliofuata, mwaka wa Mwasiti, wazazi wakaitwa, na kikao kikala asubuhi nzima. Mzazi mmoja alisema shule ni ya serikali na serikali haina dini, kila mtoto aombewe kwao. Mwingine akasimama: mtoto anakwenda kwenye mtihani wa taifa, utamwachaje aende bila dua? Wa tatu akakubaliana na wote wawili, na huyo ndiye aliyewavuruga zaidi. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mchungaji ataomba, shehe ataomba, na wanafunzi wote wataitikia dua zote mbili.

Makamu mkuu wa shule, Mwalimu Isowe, akamwita Mwasiti na kumpa daftari.

"Utasimama pembeni. Atakayenyamaza, mwandike. Huyo hapati cheti cha tabia njema."

"Hata kama dua si ya dini yake, mwalimu?"

"Kuitikia ni adabu tu, Mwasiti. Hakuna anayebadilishwa dini."

Mwasiti alirudi nyumbani kichwa kizito. Cheti kile kilikuwa kikiulizwa vyuoni na makazini, haikuwa karatasi ya kuchezea. Akamwuliza mama yake, "Mama, nikiitikia dua ya mchungaji ni dhambi?" Mama akasema, "Muulize baba yako." Baba akasema, "Muulize shehe." Shehe akafikiri kitambo, akasema, "Inategemea anaomba nini, mwanangu." Mwasiti akatoka pale akiwa hajui hata alichokuwa akijua asubuhi.

Siku ikafika. Mchungaji akaomba. Aliombea mitihani, akaombea wazazi, akaombea mvua, maana mahindi yalikuwa yakikauka mashambani. Mwasiti alitamani kuitikia hiyo ya mvua, lakini macho yake yalikuwa kwenye midomo ya wenzake. Wengine waliitikia kwa sauti. Wengine midomo ilicheza bila sauti, naye hakujua aandike au asiandike. Rafiki yake Yunis, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alipaliwa akakohoa mpaka dua ikaisha. Mwasiti akamwandika, akamfuta, akamwandika tena.

Shehe alipoomba, mambo yakazidi kuchanganyika. Dua ilikuwa ya Kiarabu, na wasioijua wakawa wanaitikia katikati ya sentensi, wengine wakaitikia alipovuta pumzi. Je, amina iliyowahi inahesabika?

Mmoja tu hakumpa shida. Gidamis, kijana wa Kibarbaig ambaye kwao hawakwenda kanisani wala msikitini, alisimama kimya mwanzo hadi mwisho, macho chini. Huyo Mwasiti alimwandika bila kusita, kwa mwandiko ulionyooka.

Kabla ya vyeti kutolewa, Mwalimu Isowe alimwita ofisini. Mkuu wa shule, Bibi Anyesi, alikuwa pale akipanga vyeti mezani.

"Arobaini na watatu!" Mwalimu Isowe alishangaa. "Una hakika nao?"

"Sina, mwalimu. Nina hakika na watatu tu."

"Watatu gani?"

"Gidamis. Na hao wawili wa mwisho."

Mwalimu Isowe akafunua ukurasa. "Mbona umejiandika mwenyewe?"

"Sikuitikia, mwalimu. Nilikuwa natazama midomo ya wenzangu."

Akashuka mstari mmoja, uso ukambadilika. "Na hili?"

"Nisamehe, mwalimu. Ulisema atakayenyamaza nimwandike. Kila nilipoinua macho ulikuwa unanitazama mimi. Sikuuona mdomo wako ukifunguka."

Bibi Anyesi akalichukua daftari, akasoma jina la makamu wake, akalifunga. Mwalimu Isowe alifungua kinywa kama anayetaka kufoka, kisha akaketi.

"Nilikuwa nimedhamiria kumwombea mwanangu," akasema taratibu. "Naye anafanya mtihani mwaka huu. Nimesahau kabisa."

Nje mshereheshaji alikuwa akiita vyeti. Bibi Anyesi akavikusanya vyote, bila kuchambua hata kimoja, akatoka navyo.

Baada ya sherehe Mwasiti alimtafuta Gidamis, akamkuta ameshika cheti chake.

"Nilikuandika," akamwambia. "Kwa nini hukuitikia?"

Gidamis akamtazama kama aliyeulizwa jambo geni. "Kwani walishafika kwenye amina? Bibi aliyenilea alikufa mwezi uliopita. Walipoanza kuomba, nikaanza kuzungumza naye moyoni. Sikusikia walipofika."

Yule aliyekuwa na hakika naye kuliko wote ndiye ambaye hakumjua hata kidogo.

Ubishi haukuisha, msidhani uliisha. Mwaka uliofuata wazazi walikaa tena asubuhi nzima, wengine wakitaka dua, wengine wakitaka wimbo wa taifa peke yake, na yule wa kukubaliana na kila mtu alikuwepo. Wakaelewana dua zisomwe tena zote mbili. Ndipo mzazi mmoja akauliza ni nani atakayehakikisha safari hii watoto wanaitikia.

Watu wakamgeukia Mwalimu Isowe, maana kazi ya nidhamu ilikuwa yake. Akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Kengele ina kiranja," akasema. "Foleni ina kiranja. Amina haina kiranja."