Kaseti ya Bi Tatu

Hapo zamani, si ile ya majini bali ya kaseti, palikuwa na nyumba ya kumbukumbu yenye sheria moja: maelezo ya kila kilichohifadhiwa aandike mmoja, wakague wenzake wawili.

Siku moja jirani mmoja akaleta kaseti. Mwanatumu, mtumishi wa nyumba ile, akaisikiliza, akasikia "Bismillahi" na kikohozi, akaizima. Akaandika: "Mawaidha ya dini." Akaenda kunywa chai.

Akapewa Shekue akague. Kaseti hakuigusa. Maelezo yake mwenyewe yalikuwa mezani kwa Mwanatumu yakingoja kukaguliwa, basi akaandika, "Hongera dada, kazi safi!"

Akapewa Saumu akague. Huyu alisikiliza mpaka mwisho. Baada ya kikohozi kile, marehemu Bi Tatu, mwimbaji wa mji ule, alikuwa akimbembeleza mwanawe alale. Saumu akalia. Lakini juzijuzi alimsahihisha Mwanatumu, akaitwa mjuaji mbele za watu, chai akanywa peke yake. Akafuta machozi, akasahihisha mkato mmoja, akatia sahihi.

Mkuu wa nyumba akasoma. "Mawaidha? Tunayo tele!" Akaamuru kaseti itumike tena. Wakarekodi juu yake sherehe yao ya kujipongeza kwa ukaguzi bora.

Ndipo akaja Riziki, binti wa Bi Tatu, ameelekezwa na yule jirani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa; sauti yake hakuijua. Wakamwekea kaseti. Akasikia makofi, vigelegele, na Mkuu akinguruma, "Hapa kwetu halipiti kosa!"

"Mama yangu yuko wapi?" akauliza.

Saumu akashindwa kuvumilia, akasema yote.

Mwanatumu akaruka: "Mimi nilikosea tu! Wakaguzi wamewekwa wa nini?"

Shekue akasema, "Mimi sikujua lolote. Asiyejua atalaumiwaje?"

Saumu akasema, "Niliyesikiliza ni mimi peke yangu. Na kunyamaza mlinifundisha ninyi."

Mkuu akakohoa. "Mimi niliona sahihi tatu. Bi Riziki, mmoja lazima afukuzwe. Chagua wewe."

"Nichague kati ya watatu," akauliza Riziki, "au kati ya wanne?"

Mkuu akatazama dari.

Nanyi mnaocheka hapo: mngekuwa Riziki, mngemtaja nani?