Chai ya Bure na Nauli Yake

Chai ya bure ina nauli yake. Mmenisikia nikimwambia hivyo mwenzenu Mwinjuma alipotuonyesha barua ya benki ya kumpa kadi nyeusi, mkacheka, kisha mkataka kujua nimeitoa wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia mezani kwangu, wala sina raha kuisimulia.

Miaka hiyo nilikuwa afisa wa benki Dar es Salaam, kazi yangu kuwashawishi wenye fedha wachukue kadi nyeusi, ile ya malipo ya wateja wakubwa. Mmoja wao alikuwa Mfaume Nangumi, mfanyabiashara wa korosho, kwao Mtwara. Ada ya mwaka ilikuwa kubwa, akaniuliza kama kadi yenyewe inalipa. Nilimjibu kama nilivyofundishwa: ukipanda ndege mara nyingi inalipa, maana uwanjani utaingia ukumbi wa wateja maalumu, ule na kunywa bure. Sikumwambia kwamba asiyesafiri sana ataanza kuzitafuta safari. Basi Mfaume, aliyezoea basi maisha yake yote, akawa haendi kwao ila kwa ndege, tena anafika uwanjani saa tatu kabla, aifidie ada yake kwa sambusa.

Jioni moja mama yake akafariki. Maziko yakapangwa kesho yake baada ya swala ya alasiri, na kwa desturi yao watoto wa kiume ndio wanaoshuka kaburini kumpokea mama. Mdogo wake, Swalehe, alimsihi wapande wote basi la alfajiri. Mfaume akakataa. Ndege ya saa tano ingemfikisha saa sita, naye angetangulia.

Asubuhi na mapema alikuwa ukumbini. Usiku kucha hakulala. Alikula, akanywa chai, akaongeza kikombe kwa kuwa kimeshalipiwa, na kile kiti laini kikamchukua. Alipozinduka alimwuliza mhudumu kama ndege ya Mtwara imeshaitwa.

“Imeondoka, baba,” alisema yule binti. “Humu hatuiti safari. Wateja wetu wanapenda utulivu.”

“Na hamkuniamsha?”

“Tumekatazwa kuwasumbua.”

Siku ile hapakuwa na ndege nyingine. Alipiga simu kuomba mama asubiriwe hadi kesho, shehe akasema maiti hacheleweshwi kwa ajili ya ndege. Swalehe aliteremka kwenye basi miguu imemvimba, akaenda moja kwa moja makaburini. Baadaye alimpigia kaka yake.

“Kaka, mama tumeshamlaza,” alimwambia. “Nafasi yako ameishika mtoto wa jirani.”

Baada ya arobaini Mfaume alikuja ofisini, akaiweka kadi mezani. Kwa ile adabu ya kazi nikamwuliza kama huduma haikumridhisha.

“Huduma nzuri sana,” alisema. Hakupandisha sauti, na afadhali angenitukana. “Ila chai ya bure ina nauli yake, bwana. Mimi yangu nimeshalipa.”

Niliikata ile kadi kwa mkasi, ndivyo taratibu zilivyotaka. Mchana ule ule nikawapa watu wengine wawili kadi kama ile, kwa maneno yale yale, na jambo hilo linanichoma hadi leo. Mwinjuma aichukue akipenda, wapo wanaofaidika nayo kweli. Lakini kabla hajaanza kuifidia ada yake, akumbuke anakokwenda na nani anamngoja huko. Chai ya bure, wajukuu zangu, ina nauli yake.